Kwa Baiskeli Kwenye Njia ya Chumvi: Lüneburg Hadi Lübeck

Jumatano, Lüneburg

Treni ya kutoka Hamburg hadi Lüneburg ni kama nusu saa, na shemeji aliimaliza yote akililalamikia tandiko la baiskeli aliyoazima. Mpango ulikuwa wangu: kuifuata Njia ya Chumvi ya kale, kilomita zisizofika mia moja, hadi Lübeck karibu na Bahari ya Baltiki, kwa mwendo wa watu wasiofukuzwa na mtu. Yeye ni mpishi, mtu wa Tanga. Mimi nimezaliwa Kigoma, na kwetu ukitaja chumvi mtu anafikiria Uvinza, ambako maji ya chumvi yanabubujika ardhini mamia ya kilomita kutoka baharini, na watu wameyachemsha kwa zaidi ya miaka elfu. Ndiyo maana Lüneburg ilinivuta kuliko Paris au Roma. Nilitaka kuona watu wa Ulaya ya Zama za Kati waliifanyaje kazi hiyohiyo.

Chini ya mji huu kuna mwamba mkubwa wa chumvi. Maji ya ardhini yakiupitia hutoka yakiwa na chumvi karibu asilimia 26, wakati bahari ina kama asilimia 3.5 tu. Wenyeji wanasimulia kwamba mwindaji alimuua nguruwe pori, ngozi ilipokauka juani akaona manyoya yamekuwa meupe, akaenda kuchunguza dimbwi alilokuwa akigaagaa. Hati ya kwanza ni ya mwaka 956, pale Mfalme Otto I alipowapa watawa wa Mtakatifu Mikaeli ushuru wa kiwanda cha chumvi. Kiwanda kilikuja kufungwa mwaka 1980. Hesabu mwenyewe.

Sasa ni makumbusho, na humo tulikaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu shemeji alitaka kuelewa kila hatua. Maji yalivutwa kisimani, yakapitishwa kwenye mifereji ya mbao hadi kwenye mabanda 54, na kila banda lilikuwa na makarai manne ya madini ya risasi. Makarai 216, moto usiku na mchana. Banda lilikuwa nusu limezama ardhini, moshi na mvuke vikitafuta pa kutokea, na makarai yenyewe yakichakaa upesi hata yakawa yanayeyushwa na kusubuliwa upya kila baada ya muda mfupi.

“Risasi?” shemeji akaniuliza. “Walikuwa wanachemshia chakula cha watu kwenye risasi?”

Ndiyo, na hawakuwa na sababu ya kujua ubaya wake. Kilichowasumbua zaidi kilikuwa kuni. Misitu ya karibu ilikatwa, kisha ya mbali, kisha kuni zikawa zinaletwa kwa mashua.

Jambo lililonikaa kichwani ni umiliki. Sehemu kubwa ya makarai yale ilikuwa mali ya monasteri, makanisa na wakuu wa dini, wengine wakiishi mbali sana na hapa. Wao waliyakodisha kwa matajiri wa mji, na matajiri hao ndio waliokaa kwenye baraza na kutawala. Katikati ya karne ya 15 mji ulipolemewa na madeni, baraza likawataka wenye hisa wa kanisa waachie sehemu kubwa ya mapato yao. Wakakataa. Ugomvi ukafika kwa Papa na kwa Kaisari, mabaraza yakapinduliwa, na ilichukua zaidi ya miaka 15 mambo kutulia. Katika mzozo wote huo hati zilizobaki ni za wenye mali. Mchochea kuni hakuwa na kitu cha kumfanya aandikwe.

Mji wenyewe unalipia chumvi yake hadi leo. Ukichimba chini kwa karne nyingi, juu panabonyea: upande wa magharibi kuna nyumba zilizopinda, milango isiyofungika, na Kanisa la Mtakatifu Lamberti, lililokuwa la watu wa kiwandani, lilibomolewa miaka ya 1860 kwa kuwa lilikuwa likizama. Kumbe watu wa kazi hata kanisa lao halikubaki.

Jioni tulikwenda makumbusho ya mji kuona nakala ya ramani ya Ebstorf. Ramani hii ya dunia ilichorwa karibu mwaka 1300 kwenye ngozi 30 za mbuzi zilizoshonwa pamoja, upana wake mita 3.6 hivi, na ilikutwa kwenye konventi ya masista ya Ebstorf, kusini kidogo ya hapa, katika karne ya 19. Yenyewe iliteketea Hannover kwenye mabomu ya 1943. Dunia ni duara, mashariki ikiwa juu na Yerusalemu katikati, na kichwa, mikono na miguu ya Kristo vimetokeza pembeni kana kwamba ameikumbatia. Lüneburg imo, na alama ya mwezi. Sisi je? Afrika iko kulia, na ukingoni kabisa mwa Afrika wamepangwa watu wa ajabu: wenye macho manne, wasio na pua, wenye midomo iliyoshikana wakinywa kwa mrija.

Shemeji alicheka mpaka mlinzi akatuangalia. Mimi nilikuwa nawaza kwamba miaka kama thelathini baadaye, mwaka 1331, Ibn Battuta alishuka Kilwa na kuusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Bahari ya Hindi ilikwisha tufahamu kwa majina na kwa bei za dhahabu. Huku bado tulikuwa na macho manne.

Alhamisi, Lüneburg hadi Lauenburg

Njia tambarare, upepo usoni. Tulipita Scharnebeck, ambako lifti kubwa huinua meli nzima mita 38, kazi ya miaka ya 1970 na haihusiani na safari yetu, ila huwezi kumpitisha mwanaume yeyote hapo bila kusimama.

Artlenburg ni kijiji kimya kando ya mto Elbe. Hapa ndipo misafara ya zamani ilipovuka, mikokoteni ya chumvi ikienda kaskazini. Mwaka 1161 Duke Heinrich, aliyeitwa Simba, alitoa hapa hati ya kuwalinda wafanyabiashara wa kisiwa cha Gotland wakifika katika nchi yake, ili nao wawatendee vivyo hivyo watu wake. Ukisoma mambo ya Zama za Kati shuleni unabaki na mashujaa wa farasi na mapanga. Hati kama hii haina panga hata moja, inahusu nani atalipwa fidia akidhulumiwa ugenini, na nadhani ilibadilisha maisha ya watu wengi kuliko vita vingi vya Duke huyo. Vita alivipenda pia, lakini.

Tukavuka daraja kuingia Lauenburg. Mji wa chini ni mstari mmoja wa nyumba za fremu za mbao zilizojazwa matofali, mlango unatazama barabara ya mawe, mgongo unatazama mto. Tulilala hapo. Nyama choma ya shemeji kwenye bustani ya nyumba ya wageni ilimpatia marafiki watatu wa Kijerumani, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa ameisikia Tanga.

Ijumaa, Lauenburg hadi Mölln

Siku niliyoingoja. Leo njia inafuata mfereji.

Hadi mwishoni mwa karne ya 14 chumvi ilikwenda Lübeck kwa mikokoteni, na barabara za mchanga na matope zilikuwa zinakula magurudumu na farasi. Lübeck ikaamua kuchimba. Kati ya mwaka 1391 na 1398 vijito viwili vilivyotazamana migongo, Delvenau unaoteremka kusini kuelekea Elbe na Stecknitz unaoteremka kaskazini, viliunganishwa kwa mfereji wa kilomita 11.5 uliokatwa kwenye mwinuko kati yao. Upana mita 7.5, kina sentimita 85. Maji ya kufika kiunoni, basi! Huo ndio mfereji wa kwanza wa Ulaya uliopandisha mashua upande mmoja wa mwinuko na kuzishusha upande wa pili. Tarehe 22 Julai 1398 mashua 30 za kwanza zenye chumvi ziliingia Lübeck.

Mfereji tunaoufuata leo si ule. Huu mpana, wa Elbe na Lübeck, ulifunguliwa mwaka 1900 na umeumeza wa kale kwa sehemu kubwa. Lakini Lauenburg kabla hujatoka mjini utaona lango la maji la Palmschleuse, chumba cha mawe cha mviringo kilichojengwa mwaka 1724 mahali palipokuwa na lango la zamani. Nilishuka nikagusa mawe. Mwanzoni malango hayakuwa hata na chumba: yalikuwa ni kizuizi tu. Maji yanazuiwa yajae, mashua zinajikusanya nyuma yake, kizuizi kinafunguliwa na zote zinabebwa na wimbi hadi kizuizi kinachofuata. Halafu mnangoja tena. Kupanda kinyume, mnavuta kwa kamba, watu mabegani. Na wenye vinu vya kusaga nafaka wanakutukaneni, maana maji mnayoyafungulia ndiyo yanayozungusha mawe yao. Safari ambayo leo mtu mvivu kwa baiskeli anaimaliza kwa siku mbili iliwachukua wiki kadhaa.

Tulikula chini ya miti karibu na Büchen. Ilikuwa mikate na samaki wa kuvuta moshi, na shemeji akauliza swali ambalo nilidhani nimeshalijibu: chumvi yote hiyo ilikwenda wapi? Watu wanaweka chumvi kiasi gani kwenye mboga?

Ilikwenda kwenye samaki. Kila mwaka, kuanzia Agosti hadi Oktoba, heringi walikusanyika kwa wingi wa kutisha kwenye pwani ya Skåne, kusini mwa Sweden ya leo ambako wakati huo palikuwa Denmark. Heringi ana mafuta, anaoza haraka. Wavuvi walileta samaki, wanawake wakawatumbua ufukweni, wakawapanga kwenye mapipa kwa tabaka, samaki, chumvi, samaki, chumvi, na kwa kila mapipa manne au matano ya samaki lilihitajika pipa zima la chumvi. Denmark haikuwa na chumvi ya kutosha. Lübeck ilikuwa na njia ya kuipata.

Na nani alikula? Wote. Kanisa lilikataza nyama siku za Ijumaa, kipindi chote cha Kwaresima na mikesha mingi ya sikukuu, jumla zaidi ya siku 100 kwa mwaka. Nyumbani Kigoma tulijua Ijumaa za Kwaresima, na hatukuona shida, kwa sababu ziwa liko hapo na migebuka wapo. Sasa mfikirie fundi seremala wa katikati ya Ujerumani, kilomita mia tatu kutoka maji yoyote ya maana, mwezi wa tatu, baridi, na padri amesema hakuna nyama. Heringi wa pipa ndiye jibu lake. Ndiyo maana nasema makanisa makubwa ya kaskazini yalijengwa kwa mfungo. Si kwa sadaka tu. Kila aliyefunga alimlipa aliyemuuzia samaki, na aliyeuza samaki alimlipa mwenye chumvi.

“Kwa hiyo dini iliweka soko,” shemeji akasema, akijifuta mikono.

Sikuwa na la kuongeza.

Mölln tuliifikia saa kumi na moja jioni. Mji mdogo juu ya kilima, maziwa pande zote. Lübeck iliuchukua kama rehani mwaka 1359 ili kuilinda njia yake, na ikakaa nao hadi 1683, rehani iliyokaa kuliko ndoa za vizazi kumi. Lakini watalii hawaji kwa habari ya rehani, wanakuja kwa Till Eulenspiegel, mjanja mwenye kofia ya njuga, ambaye inasemekana alifia hapa mwaka 1350, mwaka wa tauni. Kwenye ukuta wa Kanisa la Mtakatifu Nikolai kuna jiwe la kaburi lake. Wanasema kamba ya jeneza ilikatika, likatumbukia likasimama wima, na watu wakaamua aachwe hivyohivyo, kwa kuwa hata alipokuwa hai hakulala kama wengine.

Hadithi zake zilichapwa Strasbourg mwanzoni mwa karne ya 16, na moja inasema hivi: mwenye nyumba ya wageni mjini Köln alimdai Till pesa kwa sababu alikaa karibu na moto akinusa nyama inayochomwa. Till akatoa sarafu, akaidondosha juu ya benchi ikalia, akamwambia: mlio wa pesa yangu umeufaa mfuko wako kama harufu ya nyama yako ilivyolifaa tumbo langu.

Shemeji alisimama katikati ya uwanja. “Huyu ni Abunuwasi!”

Ni yeye kabisa. Kila mtoto aliyekulia kwenye Kiswahili anamjua maskini aliyelia ugali wake mkavu kwenye harufu ya jiko la tajiri, na jinsi Abunuwasi alivyomlipa tajiri kwa mlio wa fedha. Hadithi hii imetembea nchi nyingi, na sitajifanya najua nani aliianza. Nilichofurahia ni kwamba kwenye ramani ya Ebstorf hatukufanana na watu hata kidogo, ila kwenye mzaha tunacheka mahali pamoja. Sanamu ya Till iko kwenye kisima cha uwanjani. Ukishika kidole gumba cha mkono na ncha ya kiatu kwa pamoja unapata bahati. Vyote viwili vinang’aa kwa kushikwa. Tulishika.

Jumamosi, Mölln hadi Lübeck

Mvua. Ratzeburg ni kisiwa ziwani, kimeunganishwa na nchi kavu kwa njia za tuta, na kanisa kuu lake, la matofali mekundu, lilianzwa na Duke yuleyule Simba baada ya kuunda uaskofu hapo mwaka 1154. Hiyo ilikuwa nchi ya Waslavu aliyokuwa akiitwaa, na kanisa lilikuja nyuma ya jeshi. Ndani ni kuzito, kuta nene, madirisha madogo. Nilikaa dakika ishirini nikikausha soksi na nikaona inatosha.

Kisha pancha, gurudumu la nyuma la shemeji, na pampu ambayo tuligundua haiingiani na valvu yake. Mama mmoja mwenye mbwa alitusaidia. Mto Wakenitz, unaotoka ziwa hilo kwenda Lübeck, wanauita Amazon ya Kaskazini. Ni mto mzuri, wenye miti iliyoinamia maji. Aliyeuona Malagarasi atatabasamu tu na kuendelea kukanyaga pedali.

Minara ya Lübeck tuliiona mbali, saba, kabla hatujaona nyumba hata moja.

Jumapili, Lübeck

Wageni wote huanzia lango la Holstentor, nasi tukaanzia hapo. Lilijengwa kati ya 1464 na 1478, minara miwili minene iliyoinamiana kwa sababu ardhi ya chini ni tepetepe. Upande wa nje ukuta una unene wa mita tatu na nusu, upande wa mjini haufiki hata mita moja, kwa hiyo unajua walimwogopa nani. Mwaka 1863 lilitaka kubomolewa, likaokolewa kwa tofauti ya kura moja. Pembeni ni maghala sita ya chumvi, mazuri, ila si ya Zama za Kati: la kwanza ni la 1579. Yamesimama pale mashua zetu za mfereji zilipopakulia, na chumvi ikapandishwa meli za kwenda Skåne.

Lübeck ilianzishwa 1143, na mwaka 1226 Kaisari Friedrich II akaifanya mji huru chini yake mwenyewe, bila duke wala askofu wa kuutawala. Mji ukajitawala kwa baraza la wafanyabiashara. Sheria zake ziliigwa na miji kama mia moja ya Baltiki. Mtwana aliyetoroka kwa bwana wake akaishi mjini mwaka mmoja na siku moja bila kudaiwa alikuwa huru, ingawa uhuru wa kubeba mizigo bandarini na uhuru wa kukaa barazani ni vitu viwili tofauti.

Ukitaka kuona tofauti hiyo, ingia vichochoro. Nyuma ya nyumba za matajiri, zile ambazo ukuta wa mbele unapanda kama ngazi hadi kwenye paa, kuna vijia vya chini, unainama kupita, na ndani yake vimepangwa vijumba vya vibarua. Wenyeji wanasema kipimo cha upana kilikuwa jeneza: lazima lipite. Leo ni nyumba ghali, zina maua ya waridi mlangoni na baiskeli za watoto.

Kanisa la Mtakatifu Maria ni la wafanyabiashara wenyewe, limejengwa juu kabisa ya kilima jirani na ukumbi wa baraza. Askofu alikuwa na kanisa lake kuu upande wa kusini wa mji. Hawa wakajenga la kwao, kubwa zaidi. Dari ya matofali ina kimo cha mita 38.5, na hakuna dari ya matofali iliyo juu kuliko hiyo duniani. Makanisa mengi ya Baltiki yalijengwa kwa kuliiga. Shemeji alitazama juu hadi shingo ikamuuma.

“Shem, hawa walikuwa wanajenga kanisa au wanamkomoa askofu?”

Vyote viwili, nadhani. Nje amekaa shetani wa shaba juu ya jiwe, kwa sababu ya hadithi kwamba wajenzi walimdanganya ni nyumba ya mvinyo, akasaidia kujenga kwa bidii. Alipogundua akachukua jiwe kulivunja, wakamtuliza kwa kumjengea baa jirani. Baa ya baraza ipo kweli.

Ndani, chini ya mnara wa kusini, kengele mbili zimelala vipandevipande zilipoangukia usiku wa tarehe 28 kuamkia 29 Machi 1942, mabomu ya Uingereza yalipouchoma mji. Usiku huohuo iliungua picha ya Ngoma ya Kifo. Ya kwanza ilichorwa 1463, ikabadilishwa kwa nakala 1701: kifo anacheza na kila mtu kwa zamu, Papa, Kaisari, malkia, mfalme, wakishuka kwa cheo hadi mtoto wa susu. Watu waliokuwa wanapita mbele yake walikuwa wajukuu wa walioishi tauni ya 1350, na nyuma ya wachezaji palichorwa Lübeck yenyewe, minara na bandari, ili asiwepo wa kusema haya ni ya wengine. Kipande cha kazi ya mchoraji huyohuyo, Bernt Notke, bado kipo Tallinn, Estonia.

Mchana tulipita Hospitali ya Roho Mtakatifu ya mwaka 1286, ambayo wafanyabiashara waliijenga kwa wagonjwa na wazee maskini. Baadaye ukumbi wake mrefu ulijazwa vyumba vidogo vya mbao, kila mzee na chake, na wazee waliishi humo hadi karibu 1970.

Umoja wa Hanse, ambao Lübeck ilikuwa kama mama yake, haukuwa na mfalme, jeshi la kudumu wala hazina. Ulikuwa ni mkutano wa miji. Wa kwanza wa miji yote uliitishwa hapa 1356, na umoja ulikuwa na ofisi za biashara London, Bruges, Bergen na Novgorod. Miaka 14 baadaye uliweza kumlazimisha mfalme wa Denmark kusaini mkataba. Halafu heringi wakapungua Skåne, Waholanzi wakawavua wa kwao Bahari ya Kaskazini na kuwatia chumvi ya bahari iliyokuwa rahisi, wafalme wakapata nguvu. Mkutano wa mwisho ulikuwa 1669, na ni miji tisa tu iliyotuma wajumbe.

Kabla ya treni tulinunua mkate wenye heringi kwenye kibanda kando ya mto Trave. Shemeji aliuchunguza kitaalamu, akatafuna, akasema kitunguu kingi, limau hakuna, na kwamba kwa njaa ya Kwaresima angekula hata mapipa mawili. Treni ya Hamburg ni dakika 45 hivi. Baiskeli inakatiwa tiketi yake, kwa hiyo ukitaka kuifanya safari hii uliza kwanza masharti yake.